Kumtafuta babu aliyeandikwa bila jina: mwongozo wa sensa za Marekani na nyaraka za utumwa

Fungua ukurasa wowote wa jedwali la watumwa katika sensa ya Marekani ya mwaka 1860. Kushoto kuna jina la mwenye mali, kwa mwandiko wa karani aliyekuwa na haraka. Chini yake hakuna jina jingine, ni mistari tu: 1, 35, M, B. Unaofuata: 1, 28, F, B. Unaofuata tena: 1, 6, F, M. Yaani mtu mmoja wa miaka 35, mwanamume, mweusi. Mwingine wa miaka 28, mwanamke, mweusi. Na mtoto wa kike wa miaka 6, chotara. Ukurasa mzima unakwenda hivyo, kaunti nzima inakwenda hivyo, mpaka wanatimia watu karibu 3,950,000.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kumpata mmoja wao. Huenda umeoa au umeolewa katika familia ya Wamarekani Weusi, watoto wamefika umri wa kuuliza, na upande wako unawatajia mababu bila kusita ilhali upande wa pili habari inaishia kwa bibi mmoja wa Alabama. Huenda unamsaidia shemeji au rafiki. Kazi inawezekana, na sehemu kubwa yake inafanyika bure ukiwa nyumbani na kompyuta.

Shika jambo moja kabla ya kuanza. Kwa sheria za wakati ule mtumwa alihesabiwa kuwa mali. Sensa ilimnyima jina, lakini mwenye mali aliyahitaji majina hayo kila siku: kuandika wosia, kuweka rehani, kugawana mirathi, kukodisha mtu kwa jirani, kumtangaza mtoro gazetini. Kwa hiyo majina yapo, ila yamekaa kwenye makaratasi ya mali ya mtu mwingine. Kazi yako ni kumjua huyo mtu mwingine, kisha kufuata mali yake inakwenda kwa nani. Wanaokwama, wengi wao wanakwama kwa kuwa wanalitafuta jina la babu yao mahali ambapo halikuwahi kuandikwa.

Sensa inasema nini na haisemi nini

Sensa ya kwanza ya Marekani ilifanyika 1790, na tangu hapo ni kila baada ya miaka 10. Watumwa walihesabiwa tangu mwanzo kwa sababu ya siasa: katiba iliyoandikwa 1787 iliwahesabu kwa tatu ya tano, yaani watumwa watano kama watu watatu, ili kugawa viti vya bunge kwa majimbo. Kuanzia 1790 hadi 1840 karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, na wengine wote, weupe kwa weusi, wakawa tarakimu kwenye safu.

Mwaka 1850 kila mtu huru akaanza kuandikwa kwa jina. Rasimu ya jedwali la watumwa nayo ilikuwa na nafasi ya jina, lakini maseneta wa Kusini, majimbo yaliyoshikilia utumwa, wakapinga, nafasi ikajazwa namba. Ndiyo maana majedwali ya 1850 na 1860, yanayojulikana kwa jina la Slave Schedules, yana umri, jinsia na rangi bila jina. Weusi waliokuwa huru tayari wanapatikana kwa majina katika sensa ya kawaida ya miaka hiyo, kwa hiyo usidhani moja kwa moja kwamba kila mtu mweusi alikuwa mtumwa. Mwaka 1860 weusi huru walikaribia nusu milioni. Anza kwa kuwatafuta huko. Ukimpata wako, umeokoa miezi.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu wote walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini. Watafiti wa nasaba huuita mwaka huo ukuta, na mwongozo huu kwa sehemu kubwa unahusu jinsi ya kupita hapo.

Hatua ya kwanza: panda kutoka kwa walio hai

Usianzie utumwani. Anza na bibi aliyekaa sebuleni. Andika anachokijua: majina yote, ya nyumbani na ya kanisani, kaunti walikotoka, dada na kaka za mama yake, nani alilelewa na nani. Omba kuona Biblia ya familia na vijitabu vya ratiba za mazishi, ambavyo familia nyingi za Wamarekani Weusi huvitunza kwenye droo miaka na miaka. Humo mna orodha ya ndugu wa marehemu ambayo huipati kwenye ofisi yoyote. Lakini kama wewe ni mkwe, nenda taratibu. Kuna mambo ya kizazi cha bibi yake bibi ambayo mama mkwe wako ameamua kutoyasema, na akinyamaza kwenye swali fulani, lihamishe kwa siku nyingine.

Kisha panda kwa sensa, kumi kwa kumi. Sensa hufungwa kwa miaka 72, hivyo ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022 na ya 1960 itafunguliwa 2032. Toka 1950 nenda 1940, 1930, 1920, 1910, 1900. Ya 1900 ina thamani ya pekee: inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na kila mama amezaa watoto wangapi na wangapi wangali hai. Mama aliyesema amezaa 11 na wako hai 7 amekuachia watu 4 wa kuwatafuta. Ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea Washington Januari 1921, kwa hiyo una shimo la miaka 20 kati ya 1900 na 1880. Lizibe kwa vyeti vya ndoa, orodha za kodi na vyeti vya kifo.

Vyeti vya kifo vinataka akili kidogo. Aliyetoa habari ni mtoto au mjukuu mwenye msiba, mara nyingi hakuwajua wazazi wa marehemu. Chukua mfano wa Melvinia Shields, bibi wa mababu wa Michelle Obama, ambaye historia yake ilichunguzwa na kutangazwa 2009. Alifariki 1938, na kwenye cheti chake, sehemu ya majina ya wazazi, jamaa yake alijaza kwamba hajui. Hapo ungedhani njia imekatika. Dawa yake ni vyeti vya ndugu zake marehemu wote unaoweza kuwapata, maana kaka mdogo aliyefia mji mwingine huenda aliacha binti aliyejua jina la bibi yake. Vilevile fomu za kuomba namba ya hifadhi ya jamii, zilizoanza 1936, zilimtaka mwombaji ataje baba na mama yake kwa majina kamili, na alizijaza mwenyewe akiwa hai.

Hatua ya pili: isome 1870 kwa mashaka

Ukifika 1880 utafurahi, kwa sababu kila mtu ameandikiwa uhusiano wake na mkuu wa kaya: mke, mwana, mjukuu, mama mkwe. Mwaka 1870 safu hiyo haipo. Mwanamke wa miaka 40 anayefuata chini ya mwanamume wa miaka 45 anaweza kuwa mkewe, dada yake, au shemeji aliyefiwa. Watoto walio chini yao wanaweza kuwa wa mtu wa tatu aliyeuzwa Texas 1858. Usiandike mke wala mwana kwa ushahidi wa 1870 peke yake.

Umri nao ni wa kukisia. Watu waliokuwa watumwa wengi hawakuambiwa tarehe zao, karani akawakadiria kwa macho, ndiyo maana utaona 30, 40, 50 nyingi kuliko kawaida. Kubali tofauti ya miaka 5, hata zaidi kwa wazee. Tahajia ilifuata sikio la karani, kwa hiyo tafuta jina kwa herufi za mwanzo tu, au liache jina la ukoo kabisa utafute kwa jina la kwanza, umri na kaunti. Rangi, mweusi au chotara, ni uamuzi wa karani mlangoni. Mtu yuleyule hubadilika kutoka sensa moja hadi nyingine. Na wengi Kusini hawakuandikwa kabisa mwaka huo. Kutompata hakumaanishi hakuwepo.

Ukimpata, usinakili kaya yake peke yake. Nakili kurasa zinazotangulia na zinazofuata, kila jina, weupe na weusi. Miaka 5 baada ya uhuru watu wengi walikuwa bado wanalima ardhi ileile au ya jirani, na waliokaa pamoja mara nyingi walikuwa wamemilikiwa pamoja. Hapa Melvinia anafundisha tena. Baadaye maishani alihamia Kaunti ya Bartow, Georgia, akakutana na Mariah na Bolus Easley, watu aliokuwa nao utumwani alipokuwa mtoto huko South Carolina. Mwanawe Dolphus akamwoa Alice, binti wa akina Easley. Anayesoma jina la Shields tu kwenye ukurasa wa sensa hawezi kuona kitu hapo. Anayenakili majirani anaona.

Hatua ya tatu: miaka mitano isiyo na sensa

Kati ya mwisho wa vita, 1865, na sensa ya 1870, kuna makaratasi mengi ambayo wageni wa kazi hii huyaruka. Ninayaweka mbele ya majedwali ya watumwa makusudi, kwa sababu ndimo mtu aliyekuwa mtumwa anapojitaja mwenyewe na kumtaja aliyemmiliki.

Benki iliyoitwa Freedman's Savings and Trust Company ilianzishwa Machi 1865 kwa ajili ya walioachwa huru, ikafilisika 1874, na akiba za watu zikapotea. Vitabu vyake vya kufungulia akaunti vimebaki. Ili kumtambua mteja asiyejua kuandika sahihi, karani alimuuliza alikozaliwa, alikolelewa, mwajiri, mke, watoto, baba, mama, kaka na dada, walio hai na waliokufa, na katika vitabu vya mwanzo mara nyingine bwana na bibi waliommiliki na jina la shamba. Familia nzima kwenye ukurasa mmoja. Kama mtu wako aliishi karibu na mji uliokuwa na tawi, kama Richmond, Charleston, Savannah, New Orleans au Memphis, anza hapa.

Shirika la serikali, Freedmen's Bureau, lilifanya kazi 1865 hadi 1872. Liliandika mikataba ya kazi kati ya wenye mashamba na waliokuwa watumwa wao, ndoa, mgao wa chakula, wagonjwa, na malalamiko ya mishahara isiyolipwa na watoto waliozuiliwa. Mkataba wa kazi wa 1865 au 1866 ni dhahabu: mara nyingi mwenye shamba aliyesaini ndiye aliyekuwa akimiliki watu hao, na majina yao yamepangwa chini yake na alama ya X pembeni. Nyaraka hizi zimepigwa picha na majina mengi yameorodheshwa. Unazipata bila malipo kwenye tovuti ya FamilySearch.

Jimbo lako nalo lina vya kwake. Virginia ina madaftari ya 1866 ya watu walioishi kama mume na mke, na ndani yake kuna safu ya mmiliki wa mwisho. North Carolina iliandikisha ndoa za namna hiyo mwaka huohuo. Alabama ilifanya sensa yake ya jimbo 1866. Na 1867, wanaume weusi wa Kusini waliofikisha miaka 21 waliandikishwa kupiga kura. Kwa wengi hilo ndilo karatasi la kwanza la serikali lenye jina lao la ukoo.

Halafu jeshi. Wanaume weusi wapatao 180,000 walipigana upande wa Kaskazini katika vikosi vya United States Colored Troops. Faili ya utumishi inakupa umri, kaunti ya kuzaliwa, na kwa waliotoka majimbo kama Kentucky, Maryland na Missouri wakati mwingine jina la mmiliki, kwa kuwa alidai fidia. Lakini faili ya kutafuta ni ya pensheni. Mjane alitakiwa kuthibitisha kwamba aliolewa na marehemu, na ndoa ya watumwa haikuwa na cheti. Basi akaita mashahidi: mkunga aliyewazalisha, mwenzao waliyelala naye kibanda kimoja, hata mtoto wa bwana. Wakala wa serikali akawahoji na kuandika neno kwa neno. Humo utakuta mtu anasema nilizaliwa kwa fulani, nikapewa binti yake alipoolewa, tukahamishwa mwaka fulani, mume wangu alikuwa wa jirani, tulirukia fimbo ya ufagio kama ilivyokuwa desturi ya harusi zetu. Faharisi ya pensheni ipo mtandaoni bure. Faili kamili mara nyingi unaiagiza kwa Nyaraka za Taifa, Washington, na inagharimu. Hata kama babu yako hakuwa askari, agiza ya kaka yake au ya jirani wa ukurasa wa 1870.

Hatua ya nne: kumjua mwenye mali

Kama hatua ya tatu imekupa jina la mmiliki, una bahati, ruka mbele. Kama hapana, unatengeneza orodha ya washukiwa.

Wa kwanza kwenye orodha ni weupe wenye jina la ukoo kama la babu yako katika kaunti hiyo mwaka 1870 na 1860. Usiishie hapo. Si kila mtu alichukua jina la bwana wa mwisho. Wengine walishika la bwana wa zamani, aliyemmiliki baba au bibi yao; wengine walijichagulia; ndugu wawili wa baba na mama mmoja walioachwa huru kwenye mashamba mawili wanaweza kuwa na majina mawili. Wa pili ni matajiri weupe wanaoishi kurasa mbili tatu kutoka kwa babu yako mwaka 1870, jina lolote. Wa tatu ni weupe ambao majina yao yanafanana na majina ya kwanza ya watoto wa babu yako, au wanaoonekana kwenye orodha ya kanisa lake la zamani.

Sheria mbili zitakuokoa. Tangu Virginia ilipoipitisha 1662, na majimbo mengine yakaifuata, mtoto alifuata hali ya mama yake. Mmiliki wa mama ndiye mmiliki wa mtoto, hata baba akiwa mtu wa shamba la pili au bwana mwenyewe. Kwa hiyo ukoo wa utumwa unafuatwa kwa mama. Baba unaweza kumkuta kwenye mirathi ya mtu mwingine kabisa. Ya pili: wasichana walipewa mabinti wa bwana walipoolewa, au waliachiwa kwa wosia. Mtumwa anayeonekana kwa mkwe mara nyingi ametoka kwa baba mkwe. Kila mshukiwa, tafuta mkewe alizaliwa ukoo gani na baba yake alifia wapi. Wengi hawafanyi hivi, na ndiyo sababu wanaacha kazi njiani.

Hatua ya tano: sasa majedwali ya 1850 na 1860

Unayafungua ukiwa na washukiwa mkononi, ili kuwapima. Kabla ya hapo yatakudanganya, kwa sababu katika kaunti yenye watumwa 8,000 msichana wa miaka 16 utampata kila ukurasa.

Fanya hesabu. Chukua watu wote wa kaya ya 1870 waliozaliwa kabla ya uhuru, ondoa miaka 10 kwa kila mmoja, na ondoa 10 nyingine. Melvinia alizaliwa karibu 1844: unamtafuta wa kike wa miaka 16 mwaka 1860, na wa miaka 6 mwaka 1850. Mtu mmoja hathibitishi lolote. Kundi la watu 5 lenye umri na jinsia zinazolingana kwa mshukiwa mmoja, na lisilolingana kwa wengine, hilo linaanza kusema kitu. Na likisema, linasema inawezekana. Usiandike zaidi ya hapo kwenye mti wa ukoo mpaka upate karatasi lenye jina.

Jihadhari na safu ya mwenye mali. Aliyeandikwa anaweza kuwa msimamizi wa shamba, aliyekodi watu kwa mwaka, au mlezi wa mali ya watoto yatima. Tajiri anaweza kuwa na watu katika kaunti tatu. Jedwali la 1860 linataja pia idadi ya nyumba za watumwa, habari ndogo lakini inakupa picha ya watu wangapi walilala paa moja.

Mmiliki mdogo na mmiliki mkubwa wanatafutwa tofauti. Melvinia alitoka kwenye mali ya South Carolina yenye watumwa 21 akapelekwa Georgia kwenye shamba lenye 3 tu. Kwa mwenye watumwa 3 jedwali linakaribia kuwa ushahidi, maana nafasi ya kukosea ni ndogo. Kwa mwenye 200 jedwali ni ukungu mtupu, lakini huyo huacha madaftari ya shamba, barua, hesabu za nguo na viatu, na mara nyingi yako kwenye maktaba ya chuo kikuu cha jimbo.

Kuna kaunti chache ambako karani alikaidi maelekezo akaandika majina ya watumwa, kama Kaunti ya Bowie, Texas, mwaka 1850 na Kaunti ya Hampshire, Virginia, mwaka 1860. Angalia yako, haigharimu kitu. Pia kuna jedwali la vifo la 1850 na 1860, la waliofariki katika miezi 12 kabla ya tarehe 1 Juni. Humo watumwa waliandikwa mara nyingi kwa jina la kwanza, au kwa jina la mmiliki, pamoja na kilichowaua.

Hatua ya sita: wosia, mirathi na rehani

Hapa ndipo jina linapatikana. Mmiliki alipokufa, mahakama ya kaunti iliteua watu wa kwenda shambani kuorodhesha kila kitu na kukitia bei. Mwaka 1850 David Patterson wa Kaunti ya Spartanburg, South Carolina, aligawa mali zake kwa wosia: magurudumu ya kusokotea nyuzi, miundu, vitambaa vya meza, ng'ombe, na msichana aliyemtaja kwa jina la Melvinia. Patterson alifariki 1852, na muda si mrefu mtoto yule akatiwa bei ya dola 475. Akapelekwa Georgia, kwa binti yake Patterson, mke wa Henry Shields. Umeona njia ilivyopita: jina la Shields lingekupeleka Georgia likakuacha hapo. Ni ukoo wa mke ndio unaorudi South Carolina.

Ukipata orodha ya mirathi, isome mpangilio wake. Mama na watoto wadogo mara nyingi wametiwa bei moja kwa pamoja. Fuata kila mgao: fungu la kwanza kwa mwana, la pili kwa binti, na nani kaenda na nani. Wosia zina kauli ya kumrithisha mwanamke pamoja na uzao wake wa baadaye. Ukiiona, mtafute mrithi huyo miaka 20 mbele, maana wajukuu wako kwake. Usiache vitabu vya hati za ardhi. Watumwa waliwekwa rehani benki, waliuzwa kwa deni, walitolewa zawadi, na yote hayo yaliandikishwa kwa majina katika vitabu vilevile vya kuuzia mashamba.

Mahakama nyingi za Kusini ziliungua, vitani au kwa uzembe. Kabla ya kukata tamaa angalia ramani ya mipaka ya zamani. Kaunti ziligawanywa mara kwa mara, na jimbo la West Virginia lenyewe lilikatwa kutoka Virginia 1863, kwa hiyo wosia wa 1835 unaweza kuwa salama kwenye kaunti mama, maili 40 kutoka majivu.

Kwa waliouzwa mbali kuna orodha za meli. Sheria iliyopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1 Januari 1808 iliwataka pia manahodha waliowasafirisha pwani hadi pwani ndani ya nchi waandike jina, umri, jinsia na kimo cha kila mtu, pamoja na aliyemtuma. Zimebaki nyingi za New Orleans. Mfano unaojulikana ni wa Wajesuiti, mapadri wa Kikatoliki wa Maryland, waliouza watu 272 kwenda Louisiana mwaka 1838 kwa dola 115,000, chuo chao cha Georgetown kikafaidika. Kwa kuwa kulikuwa na orodha ya mauzo yenye majina na orodha ya meli, wazawa wao kwa maelfu wametambuliwa Louisiana na kwingineko.

Baada ya vita watu walitafutana wenyewe kwa matangazo ya magazeti. Gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilikuwa na safu ya ndugu waliopotea kuanzia miaka ya 1870: mtu anamtaja mama yake, bwana wa kwanza, aliyewanunua, na mahali walipoachana. Matangazo hayo sasa yanatafutika mtandaoni bure, na tangazo moja linaweza kukupa mabwana watatu kwa mfululizo.

Vinasaba, na swali la Afrika

Kipimo cha vinasaba kinafaa baada ya makaratasi, si badala yake. Asilimia za nchi ni makadirio. Chenye faida ni orodha ya watu mnaolingana damu. Weupe wa ukoo wa mshukiwa wakijitokeza kwenye orodha ya mama mkwe wako, una sababu ya kurudi kwenye mirathi ya ukoo huo. Kwa Melvinia, aliyemzaa Dolphus akiwa na miaka kama 15, vipimo vya wazawa wa pande zote mbili vilielekeza 2012 kwa Charles Marion Shields, mtoto wa kiume wa Henry. Waandae wenye familia kabla ya kuwafungulia habari ya namna hiyo, na waache waamue wenyewe kama wanataka kuijua.

Watu wa kwetu huuliza kama babu huyo alitoka Afrika Mashariki. Kati ya Waafrika karibu milioni 10.7 waliofika Amerika wakiwa hai, kama 388,000 ndio walioshushwa moja kwa moja katika nchi ambayo leo ni Marekani, wengi mno wakitoka pwani ya Atlantiki, kuanzia Senegambia hadi Angola. Waliochukuliwa Msumbiji na jirani zake walipelekwa zaidi Brazil. Wa Madagaska walifika New York na Virginia kwa uchache. Inawezekana, basi, lakini usianze nalo.

Unapojaza mti wa ukoo, sehemu ya jina la ukoo iache wazi kwa mtu ambaye karatasi halimpi. Jina la mmiliki liweke kwenye maelezo, pamoja na mwaka, kaunti, kitabu na ukurasa. Ukimwandika Melvinia Patterson kwa sababu Patterson alimmiliki, mwaka kesho watu 50 watakuwa wameinakili kana kwamba ndivyo alivyoitwa. Na ukiinakili orodha ya mirathi, inakili yote, watu wote 21, uipeleke kwenye maktaba ya kaunti au tawi la Afro-American Historical and Genealogical Society lililo karibu. Ukoo wa wale wengine 20 unatafuta ukurasa huohuo.